Mrejesho: ukuta wa mawimbi dukani kwetu Kisumu

Wakuu, niliwauliza kama ukuta uliopinda kama wimbi, wenye rafu ndani yake, ujengwe kwa bodi za jipsamu au kwa saruji. Duka letu la nguo, vikapu na vyombo vya nyumbani liko Oginga Odinga Street.

Tulifuata saruji, na nashukuru sana. Fundi alikunja nondo za milimita 8 kufuata mchoro wa chaki sakafuni, akafunga waya wa kuku, kisha plasta nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Magunia yaliyoloweshwa yakafunika ukuta wiki nzima ili saruji ikomae bila nyufa. Kwa joto la Kisumu, hatua hiyo msiiruke. Rafu hazina kona, na vikapu vya mafunjo vimependeza humo ajabu.

Jiwe la sabuni kutoka Tabaka, kule Kisii, limekuwa vibao vya kuonyeshea bidhaa, si kaunta. Ni laini, funguo na sarafu zingelichubua.

Taa zimefichwa juu, mwanga unateremka ukutani na kila mkunjo unaonekana. Wateja huupapasa kabla hata ya kuuliza bei!

Umebaki mpako wa mwisho wa chokaa ukutani. Anayemjua fundi mzuri, Kisumu au Kakamega, anielekeze.