Tupeane uzoefu: siku lafudhi yako ilipokuumbua

Mtoto wa Moro
Wakuu, leo nimekumbuka mbali. Mimi wa Morogoro, nimeolewa Mombasa, Mji wa Kale. Wiki ya kwanza tu, mama mkwe amekaa na wageni, akaniita: "Mwanangu, ndoo hapa!" Nikakimbia uani, nikarudi na ndoo imejaa maji, nikaitua juu ya zulia. Kumbe kwao "ndoo" ni njoo. Wewe yalikukuta wapi?

Kijana wa Bara
Eldoret. Nilimwambia bosi nimefiwa na bibi. Wenzangu wakachanga, mmoja akauliza watoto nawaacha na nani. Kule bibi ni mke! Mimi nimefiwa na mama yake mama.

Fundi Umeme
Na mchango ukala?

Kijana wa Bara
Nilirudisha. Wawili walikataa kupokea, wakasema msiba ni msiba.

Mvita Asilia
Mleta mada, usiseme umeumbuka. Mshairi wetu Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, karne ya 19, hicho Kiswahili sanifu chenu hakijazaliwa. Mkutano wa 1928 wa kuchagua lahaja ya kusanifishwa ulifanyika hapa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja. Mpaka leo linatuuma.

Wa Makunduchi
Ndugu yangu, Kiunguja kilichochukuliwa ni cha mjini. Sisi wa Makunduchi tuna lahaja yetu, Kikae, na tukienda shule tulikiacha mlangoni. Usitutupie lawama.

Mvita Asilia
Lakini vitabu vinafanana na nyinyi kuliko sisi.

Binti Bukavu
Nilikuwa napita tu, ila hili limenigusa. Wazazi wangu ni wa Bukavu, Kongo, mimi nimekulia Kigoma. Nikiwa na miaka kumi na nne nilishajua kuongea kama watoto wa mtaani, hakuna aliyenijua. Siku moja nikampeleka mama zahanati. Akamwambia nesi, "Kichwa inaniumaka kila usiku." Nesi akamgeukia mwenzake: "Huyu anaongea nini?" Wakacheka. Foleni nzima ikatutazama.

Mama akaanza tena, pole pole, anatafuta maneno. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, nyamaza, nitasema mimi." Akafunga mdomo. Alikuwa ameshika kadi yake, akawa anaikunja kona, anaikunjua. Tangu siku ile, tukienda popote, sokoni hata msibani, ananisubiri mimi niseme. Yule nesi nimeshamsamehe. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Mama Wawili
Nimelia jamani.

Fundi Umeme
Dada, ulikuwa mtoto. Ila ukweli usemwe, ukienda kwa watu ongea kama wao, ndiyo utahudumiwa haraka.

Mama Wawili
Fundi, umesoma alichoandika kweli? Mgonjwa aseme kwa lugha inayomtoka. Nesi alimwelewa vizuri sana, alikataa tu.

Mzee wa Ujiji
Mimi nimeuza dagaa na Wakongo miaka mingi. "Batu bengi", "inaniumaka", yote naelewa. Kule "-ka" ni kitu cha kila mara. Mama alieleza ugonjwa wake sawasawa: si jana tu, ni kila usiku.

Binti Bukavu
Mzee, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Asante.

Kijana wa Bara
Ongea naye Kibukavu mbele za watu, kwa sauti. Anza wewe.

Mama Wawili
Mama yupo?

Binti Bukavu
Yupo Kigoma. Huwa nampigia Jumapili.

Mama Wawili
Mpigie leo.