Mtoto anataja moja mpaka ishirini lakini vijiko vinne hawezi kuleta, nimsaidieje nyumbani?

Mama Nasra, Makorora
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka minne na nusu, yuko chekechea hapa hapa Tanga, moja mpaka ishirini anaitiririsha vizuri tu mpaka bibi yake humuita awasomee wageni. Sasa juzi napakua wali nikamwambia mama niletee vijiko vinne, kaja na kiganja kimejaa. Nikamwambia haya hesabu, kidole kinakimbia huku mdomo unakimbia kule, kijiko kimoja kakitaja mara mbili kingine kakiruka, akafika tisa na vijiko vilikuwa saba. Nikamuuliza kwa hiyo vingapi? Akaanza upyaa, moja, mbili, tatu... Na shule wanampa aandike 1 mpaka 50 kila jioni, akiliona lile daftari analia na mi roho inaniuma. Hela ya tuisheni sina na sitaki aichukie hesabu akiwa mdogo hivi. Kuna michezo gani naweza kucheza naye kwa vitu vya jikoni tu?

Bi Zuhura, Chumbageni
Pole mwanangu, na usiogope, mtoto wako hana tatizo lolote. Nimefundisha darasa la awali miaka mingi na hao wa kuimba mpaka ishirini halafu wakashindwa kukupa vinne ndio wengi. Yeye ile moja mpaka ishirini kwake bado ni wimbo, ni kama mtoto anavyoweza kusoma dua kabla hajajua maana yake. Kuna mambo mawili hajayashika. La kwanza kila kitu kinapata jina moja tu, kwa hiyo usimwache anyooshee kidole kwa mbali, mwambie ashike kijiko, akisema moja akitie kwenye sufuria, mbili anatia kingine, mkono na mdomo viende pamoja na kile kikilia ngang ndani ya sufuria atakuwa anasikia hesabu yenyewe. La pili, na hili ndo kubwa, hajajua kuwa namba anayoishia ndiyo idadi ya vyote. Ndo maana ulipomuuliza vingapi akaanza upya, kwake jibu la "vingapi" ni kuhesabu tena. Ukimaliza naye kuhesabu vitatu zungusha kiganja chako juu ya vyote useme "vyote vitatu". Kila siku, bila kumkaripia.

Na ishirini uiache kwanza. Anza na viwili, vitatu, hata vinne baadaye, mpaka ukimwambia niletee vitatu analeta vitatu bila kubahatisha. Toka mbili kwenda tatu inaweza kumchukua miezi, ndivyo watoto walivyo. Akisema "vijiko mbili" we mrudishie tu kwa upole "eeh, vijiko viwili", usimkatize, maana lugha yetu namba hiyo hiyo anaisikia wawili, viwili, mawili, miwili, ni kazi kwa mtoto. Halafu kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, kunde na gololi zisibaki chini, atazimeza au atazitia puani.

Baba Mapacha, Sahare
Bi Zuhura umenena. Mi nauza samaki kwa mafungu na wanangu wamejifunza hapo hapo mezani, fungu hili lina vibua sita wadogo na lile lina tasi watatu wakubwa, nauliza wapi wengi? Mwanzo wote walinionyesha tasi kwa sababu fungu linaonekana kubwa. Nikawa nampanga kibua mmoja mbele ya tasi mmoja mpaka tasi wanaisha na vibua wamebaki, hapo walikaa kimya wanaangalia, siku nyingine wakapanga wenyewe. Pia nimechora kwa mkaa uani viboksi kumi kwa mstari, namba 1 mpaka 10, tunarusha vizibo viwili vya soda, kinachoangukia mgongo ndo hatua moja. Ila zingatia hapa, mtoto akiwa kwenye 5 akapata hatua mbili aseme "sita, saba" huku anaruka, asianze tena moja mbili.

Fundi Daftari
Mi natofautiana kidogo, michezo sawa lakini asipozoea kuandika akifika darasa la kwanza atateseka.

Bi Zuhura, Chumbageni
Ataandika mwanangu, sijakataa. Ila mtoto anayeandika 37 wakati vitatu kwa mkono hajavijua anachora tu. Mpe kwanza kitu cha kuandika.

Shangazi wa Pangani
Jamani mbona hamjautaja mdako? Kishimo kidogo, vijiwe ndani, unarusha kimoja juu unavichota vyote kabla hakijashuka, ukirusha tena unavirudisha ubakize kimoja nje, raundi nyingine unabakiza viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Sisi tulijua kugawa kabla hatujaenda shule. Kwa mdogo hivi arushe taratibu hata asipodaka, kazi yake iwe kuangalia vingapi vimebaki shimoni.

Mama Nasra, Makorora
Narudi baada ya wiki tatu, Mungu awabariki. Sufuria tunaitumia kila usiku, tumeanza na vijiko viwili, wiki hii tuko kwenye vitatu. Vinne bado anakosea. Jana nimemtuma vikombe vitatu, kaja na viwili, kafika mlangoni kasimama, kaviangalia, kageuka mwenyewe jikoni akarudi na kimoja akaniambia "mama, vyote vitatu" na kiganja kakizungusha kama mnavyosema. Nilimkumbatia. Daftari bado lipo, Jumatatu naenda kumuomba mwalimu wake tumpunguzie iwe 1 mpaka 5 kwanza, nikiwa nimebeba na vile vijiko nimuonyeshe.