Mrejesho: kitenge kimoja, mama na mtoto

Ni mimi wa Ujiji, niliyeuliza kwa nini gauni la mwanangu haliingii kichwani, na kama yadi 6 za kitenge zinatutosha wawili. Zimetosha, na kipande cha kilemba kimebaki. Mlioniambia nikiloweke kabla ya kukata, asanteni sana. Kilipokauka kilikuwa kimerudi karibu inchi 2.

Shingo ndiyo iliyonitesa. Nilipima shingo ya mtoto, kumbe kinachopita pale ni kichwa! Nimepasua mgongoni, nikazungushia utepe wa kitambaa hicho hicho, nikaweka kifungo kimoja na kitanzi cha uzi. Limeingia bila kilio. Langu linabana kwapani (nilikata usiku, tamaa tu ya kuvaa Ijumaa). Kesho nafumua.