Vijana wa pangoni: kisa hiki ni cha nani?

Ndugu zangu, naleta mada hii tuijadili kwa heshima, maana kila ikiguswa watu huishia kurushiana maneno.

Waislamu wengi husoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Humo mna vijana walioikataa miungu ya watu wao, wakakimbilia pangoni, Mwenyezi Mungu akawalaza miaka na miaka. Wakristo nao wanao Walalao Saba wa Efeso, waliomkimbia Decius, Kaisari wa Roma aliyewatesa Wakristo (249–251), na kuamka enzi za Kaisari Mkristo Theodosius II, aliyefariki mwaka 450. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mkristo anasema, "Mmekichukua kwetu." Muislamu anajibu, "Nyie ndio mliokipotosha." Mimi nazikataa kauli zote mbili.

Ni kweli maandishi ya Kikristo yametangulia. Yakobo wa Serugh, askofu aliyefariki mwaka 521, alikwisha kutunga shairi la Kisiria juu ya vijana hawa, zaidi ya miaka 100 kabla ya Hijra (622). Lakini someni aya ya 22: wapo watakaosema walikuwa watatu na wa nne mbwa wao, wengine watano, wengine saba na wa nane mbwa wao. Qurani yenyewe inaonyesha kwamba kisa kilikuwa midomoni mwa watu na kinabishaniwa. Sasa kimeibwa vipi kitu kinachotajwa hadharani kuwa watu wanakijua?

Na wa "mmepotosha" huja na hesabu. Qurani inataja miaka 300 na 9 juu yake, na Waislamu hueleza kwamba miaka 300 ya jua ni kama 309 ya mwezi. Hesabu hiyo ni sahihi. Ila aya inayofuata inasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi walikaa muda gani, na wapo wafasiri walioiona hiyo 300 kuwa ni kauli ya watu iliyonukuliwa tu, sio ya Mwenyezi Mungu. Upande wa pili, simulizi za Kikristo hutaja hata miaka 372, ilhali tangu Decius hadi kifo cha Theodosius ni kama 200 tu. Kwa hiyo anayetaka kumshinda mwenzake kwa tarakimu ajihadhari, zitamgeukia mwenyewe. Pango nalo ni hivyo hivyo: Efeso wanalo, Tarsus na Afşin, hukohuko Uturuki ya leo, wanayo yao, na Jordan wanaonyesha lao karibu na Amman.

Kinachonigusa mimi ni ile sarafu. Pande zote mbili, mmoja wao anatumwa mjini na fedha yao akanunue chakula, akitembea kwa hofu asije akajulikana. Simulizi ya Kikristo inaongeza kwamba wauza mkate waliitazama ile fedha, wakaona sura ya mfalme aliyekufa zamani, wakamshika wakidhani amefukua hazina. Yeye anawauliza habari za Decius kana kwamba ni jana! Wakristo wanasema hayo yalitokea wakati watu wakikana ufufuo wa mwili. Qurani, aya ya 21, inasema watu waliwagundua ili wajue kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu ni kweli na Kiyama hakina shaka. Jambo lenyewe ni moja, na wanaoambiwa ni walewale: wenye shaka na ufufuo.

Kule Vieux-Marché, Brittany, nchini Ufaransa, hija ya Kikatoliki ya Watakatifu Saba ilifunguliwa kwa Waislamu mwaka 1954 kwa juhudi za Louis Massignon, Mkatoliki wa Ufaransa na mtaalamu wa Uislamu, na mpaka leo hukutana hapo kila Julai. Hakuna aliyeambiwa aache dini yake.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaopinga ni hili, na naomba hoja, sio matusi: ni kipi katika kisa hiki ambacho Mkristo akikisikia kwa jirani yake Muislamu, au Muislamu akikisikia kwa Mkristo, kitamvunjia imani yake?