Kidonda kimefunga, mbona nywele hazioti?

Swali: Mchubuko hupona na nywele zikarudi, lakini kovu la kidonda kirefu hubaki kipara. Kwa nini?

Jibu: Ili kuziba kidonda, seli za ngozi ya juu hulegeza mshiko na kutambaa kutoka kingoni na kutoka kwenye vifuko vya nywele (vishimo vya ngozini ambamo nywele huota) vilivyosalimika. Kila kifuko ni chemchemi ya seli. Kidonda kikiving'oa, zinabaki kingo tu, na ngozi hufunga bila vifuko vya kuotesha nywele.

Jibu: Naongeza: msikaushe kidonda! Gaga gumu hulazimisha seli zipite chini yake, zikachelewa. Osha kwa maji safi, paka vaselini kidogo, funika kwa bandeji isiyonata. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, iacheni, inaua hata seli zinazotambaa.

Jibu: Kovu halina vifuko, hivyo mafuta ya kupaka hayataotesha kitu. Hapo daktari hupandikiza vifuko vizima.