Mrejesho: nimechukua upinde mrefu

Wakuu, niliuliza nichongeshe upinde gani wa kuwindia: mrefu ulionyooka wa ratili 45 (yaani nguvu ya kuuvuta, si uzito wake), au mfupi wenye ncha zilizojikunja wa ratili 55. Mkaniambia nikavute kwanza ndipo niamue. Asanteni sana.

Nilimfuata fundi, mzee mmoja huku kwetu Tanga. Ule wa 55 niliuvuta vizuri mara tatu. Ya nne mkono ukatetemeka kabla ugwe, ile kamba ya upinde, haujanifika shavuni, na porini mnyama huwa hasubiri. Wa 45 niliushikilia mpaka ugwe ukanigusa pembeni mwa mdomo, nikaachia. Kimya! Mfupi unapita kirahisi vichakani, hilo sikatai, lakini mrefu umetulia zaidi mkononi.

Mzee akanisisitiza: "Mwanangu, ukimaliza fungua ugwe. Ukiuacha umepindwa usiku kucha, mti unachoka." Ugwe wenyewe naupaka nta ya nyuki, maana unyevu wa pwani tunaujua.

Kibali cha kuwinda bado nakifuatilia, na bila hicho siingii porini. Kwa sasa kila jioni nalenga gunia la makumbi, hatua 20. Jana mishale minne kati ya sita ilikaa ndani ya upana wa kiganja.