Barua za marehemu Jane Carlyle: Froude alitenda haki kuzichapisha?

Mtoa mada

Wakuu, kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba tulijadili bila matusi.

Thomas Carlyle, yule mwanahistoria Mskoti aliyeandika juu ya Mapinduzi ya Ufaransa, alifiwa na mkewe Jane Aprili 1866. Mama huyo alikata roho peke yake ndani ya gari la farasi, Hyde Park, London. Mumewe alikuwa bado Scotland, alikokwenda kutawazwa kuwa Rekta wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mzee kurudi nyumbani Chelsea, akafungua makaratasi ya marehemu na kukuta shajara. Ndipo akajua kwamba miaka ile alipokuwa hakauki kwa Lady Ashburton, mke wa bwanyenye mmoja, mkewe alikuwa anameza uchungu na kuuandika.

Hakuichoma. Alikusanya barua za mkewe, akaziandikia maelezo kwa mkono wake, na 1871 akamkabidhi rafiki yake James Anthony Froude, naye mwanahistoria, aamue mwenyewe: achapishe au achome. Carlyle akafariki Februari 1881. Hata miezi miwili haikupita, Froude akatoa kumbukumbu za mzee, kisha wasifu wa juzuu nne, na 1883 barua za Jane. Waingereza wakachafukwa. Mpwa wa Carlyle, aliyemtunza mzee uzeeni, akadai makaratasi alipewa yeye. Froude alikufa 1894 ugomvi haujaisha. Mwaka 1903 wanawe wakachapa utetezi aliouacha, na mwaka huohuo upande wa pili ukamjibu kwa kitabu kizima.

Mimi nasema alikosea, ila si kwa sababu ya kumvunjia mzee heshima. Ruhusa aliyopewa ilitoka kwa mtu asiye na haki ya kuitoa. Jane hakuulizwa.

Wakili wa Kijiweni

Hapo umeteleza, mkuu. Uingereza tangu kesi ya mshairi Pope na mchapishaji Curll, 1741, karatasi ya barua ni ya aliyeandikiwa, maneno ni ya aliyeandika. Sasa Jane kafa 1866, zama ambazo mke akiolewa mali zake zinaingia mikononi mwa mume. Sheria iliyomtambua mke kuwa na mali yake kamili ni ya 1882. Kwa hiyo Carlyle alishika karatasi na maneno. Angetaka angefungia maandazi.

Mtoa mada

Wakili, umenisaidia bila kujua. Sheria unayoitaja ndiyo iliyofanya hata shajara, ambayo mama wa watu hakumwandikia yeyote, iwe ya yule aliyeandikwa vibaya ndani yake.

Mama wa Mvita

Wanangu, shikamooni za sheria mtapeana baadaye. Juni 1856 Jane aliandika kwamba habari kubwa ya siku ile ilikuwa kwenye alama za bluu mikononi mwake, hapa penye kifundo. Mstari mmoja, akanyamaza. Froude aliuona, akauacha nje ya vitabu vyake vyote. Akaja kuutaja kwenye yale maandishi yaliyotoka naye yuko kaburini.

Sasa mnaosema alimwanika mwenzake: anayetaka kumwanika mtu huacha hilo? Na mnaosema alimtetea Jane: mbona aliacha hilo? Mimi nimekaa na mume miaka 31, Mungu amrehemu. Najua mtu huandika mstari mmoja na kunyamaza kwa sababu gani.

Mpenda Kale

Mama, shikamoo. Umenifunga mdomo kidogo, ila nitasema langu.

Huyu Carlyle si babu wa mtu tunayemstahi tu. Mwaka 1849 aliandika makala ya kuwatukana weusi wa visiwa vya Karibiani, kwamba wafanyishwe kazi kwa nguvu. Gavana Eyre alipozima maasi ya Morant Bay, Jamaica, 1865, wakauawa zaidi ya watu 400, Carlyle ndiye aliyeongoza kamati ya kumtetea gavana. Pale kando ya Mto Thames sanamu yake imekaa kitini tangu 1882. Makaratasi ya watu wa namna hii yakifungiwa kwa staha ya familia, tutabaki na sanamu. Mimi niko na Froude.

Halafu tusisahau kazi ya mzee mwenyewe. Mwaka 1845 alichapisha barua na hotuba za Cromwell, mtawala wa Uingereza wa karne ya 17, akapata sifa. Cromwell aliulizwa lini? Wosia wa Carlyle wa 1873 unasema angependelea wasifu wake usiandikwe. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Mtoa mada

Mpenda Kale, la Cromwell nimelikubali, sina jibu. La Jamaica hapana. Makala ile aliitoa mwenyewe gazetini, ipo, mkamateni nayo. Jane hakumuua mtu Jamaica. Mnataka kumshtaki mume kwa kupekua mkoba wa mke.

Wa Tanga

Barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge tunazisoma leo kwa sababu aliyeandikiwa alizitunza. Tofauti naiona hapo. Barua ina watu wawili na mmoja anaweza kukubali. Shajara ina mmoja. Mimi ningesema barua sawa, shajara hapana.

Wakili wa Kijiweni

Wa Tanga kapima vizuri kuliko sheria yangu. Ila kuichoma, Carlyle asingeweza. Mswada wake wa juzuu ya kwanza ya Mapinduzi ya Ufaransa uliteketea 1835 nyumbani kwa rafiki yake Mill, mjakazi alidhani takataka, mzee akauandika upya wote. Mtu aliyeonja hilo hatii karatasi moto.

Mama wa Mvita

Mwanamke aliweza. Geraldine Jewsbury, shoga wa Jane wa miaka mingi. Kuna mambo ya ndoa ile Froude aliyapata kwake, kwa hiyo mdomo alikuwa nao. Lakini barua alizoandikiwa na Jane aliziharibu kabla hajafa 1880, kwa sababu walikuwa wameahidiana. Jane yeye hakuwahi kuziharibu za Geraldine, na 1892 zikachapwa.

Kwa hiyo mtoa mada, unaposema Jane hakuulizwa: kwa barua hizo aliulizwa, akasema ziende, zikaenda.

Mpenda Kale

Na wallahi hizo ndizo ningezisoma kabla ya zote.

Mtoa mada

Hata mimi.